Saa za Kiswahili Kwenye Bonde la Boyne

15 Desemba, Tanga

Kabla sijafunga begi nimesimamisha mpini wa fagio uani. Nimeukata mita moja kamili. Binti yangu wa kidato cha pili ameshika utepe wa fundi cherehani na kujifanya hana hamu, lakini kila nikichelewa kuweka alama ananikumbusha. Saa sita na dakika 19 mchana kivuli kimefika ufupi wake wa mwisho: sentimita 33, kimelala kuelekea kaskazini, upande wa bandari.

Hapo ndipo panapochanganya wengi. Watu wa Tanga tukiulizwa jua la mchana liko wapi, tunanyoosha kidole utosini. Desemba haliko utosini. Lilitupita kichwani mwanzoni mwa Oktoba likienda kusini, litatupita tena Machi likirudi, na sasa hivi linakaribia mwisho wa matembezi yake juu ya Tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23.4 kusini mwa Ikweta. Likifika huko linasimama, kisha linageuza. Neno lenyewe, solistasi, ndivyo linavyosema: kwa Kilatini sol ni jua, na sistere ni kusimama.

Habari hizi nimezifundisha miaka kumi na minne kwa chungwa, njiti ya mshikaki na mshumaa. Chungwa linainama, njiti inaelekea dirisha lile lile daima, mimi nauzunguka mshumaa na wanafunzi wanasubiri nijikwae kwenye dawati. Lakini mwalimu wa solistasi anayeishi nyuzi tano tu kutoka Ikweta ni kama mwalimu wa kuogelea wa Dodoma. Siku yetu ndefu na siku yetu fupi zinapishana dakika thelathini na tano hivi, na hakuna anayezihisi.

Mdogo wangu wa kike ni nesi Drogheda, Ireland, mwaka wa sita huu. Aliingiza majina yetu kwenye bahati nasibu ya Newgrange, kaburi la kale ambalo jua huingia ndani yake asubuhi chache tu za mwaka, zile za kuzunguka 21 Desemba. Waombaji ni maelfu kwa maelfu, nafasi hazijazi hata daladala chache, na majina huokotwa na watoto wa shule za jirani. Yetu hayakuokotwa.

“Kaka, njoo hivyo hivyo,” alisema. “Kusimama nje ni bure.”

17 Desemba, Drogheda

Nimefika, begi halijafika. Kaunta ya mizigo wamenipa karatasi yenye namba, na pole. Ndani ya begi kuna sweta mbili na kashata za shemeji. Shemeji mwenyewe amenipa koti lake. Mikono yake inanifika kwenye kucha.

Basi kutoka uwanja wa ndege wa Dublin lilikuwa linaelekea kaskazini, saa tisa na nusu alasiri, na jua limekaa juu ya mapaa kama lile la saa kumi na mbili kwetu. Nilidhani saa yangu imeharibika. Tulipofungua mlango wa nyumba, simu ya shemeji ikaadhini. Magharibi, saa kumi na dakika 5. Nyumbani saa kumi watu ndio kwanza wanatoka Alasiri.

Nimelala nikiwaza saa yetu. Saa ya Kiswahili inahesabiwa kutoka jua linapochomoza: saa moja ni saa ya kwanza kutimia ya mchana, na saa moja usiku ni ya kwanza kutimia ya giza. Kwetu hesabu inakwenda, maana jua haliachani sana na saa kumi na mbili. Huku leo limechomoza saa mbili na dakika 37. Mtu aseme “saa moja asubuhi” huku nje ni kiza cha usiku wa manane? Mdogo wangu anasema Waswahili wa huku wamebaki na njia mbili. Wakizungumza wao kwa wao wanasema saa mbili, kwenye ratiba ya kazi wanaandika 8, na kila mwaka kuna mmoja anayefika harusini watu wanakunja viti.

18 Desemba, Drogheda

Leo sikutoka. Nimeswali tu, na kwa mwalimu wa jiografia hilo limekuwa somo la siku nzima.

Adhuhuri imeingia saa sita na dakika ishirini na kitu. Nimeswali, nikakunja mswala, nikanywa chai, nikaosha kikombe, na Alasiri imeingia. Saa nane kasoro dakika kumi! Tulifundishwa chuoni kwamba Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kimo chake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kati. Kwetu kile cha nyongeza ni kipande kidogo, hakuna anayekikumbuka. Hapa ndicho karibu chote. Jua la mchana wa leo limepanda nyuzi 13 tu kutoka upeo wa macho. Kivuli cha mtu ni zaidi ya mara nne ya urefu wake hata adhuhuri yenyewe. Kwa hiyo kuongeza kimo kimoja si safari ndefu, na sala zote za mchana zimebanwa pamoja kama abiria wa siti ya nyuma.

Na ndiyo sababu ya baridi pia, si nyingine. Wanafunzi wangu, na walimu wenzangu baadhi nisiowataja, wanaamini kwamba kipupwe huja dunia ikiwa mbali na jua. Ni kinyume. Dunia hulikaribia jua kuliko wakati wote mapema Januari, ikiwa karibu zaidi kwa kilomita milioni tano hivi kuliko Julai. Tatizo la hapa ni ulalo. Mwale uleule ambao ungemwagika juu ya kiwanja kimoja ukishuka wima, hapa unatandazwa juu ya viwanja zaidi ya vinne, tena kwa saa saba na nusu tu kwa siku. Samli ya mkate mmoja, mikate minne.

Mdogo wangu yuko zamu za usiku wiki hii. Amerudi asubuhi kabla jua halijachomoza, akalala, akaamka jua limezama. “Leo ni siku ya tatu sijaliona,” alisema, akimeza kidonge cha vitamini D kwa chai ya tangawizi, bila kulalamika, kama mtu anayesema maji yamekatika.

Jambo moja limenisumbua kwenye daftari. Siku fupi kuliko zote ni ya 21, lakini kwenye ratiba ya sala ya msikiti Magharibi imeshaanza kuchelewa tena tangu katikati ya mwezi. Kuzama kwa mapema kabisa kulikuwa siku tano zilizopita. Na kuchomoza kutaendelea kuchelewa hadi karibu na mwaka mpya. Nimekaa na kalamu mpaka nikakumbuka. Desemba siku ya jua, yaani kutoka adhuhuri hadi adhuhuri, si saa 24 kamili. Inazidi kwa kama nusu dakika. Dunia inakimbia zaidi ikiwa karibu na jua, na mwinamo wake unaongeza, kwa hiyo lazima ijizungushe zaidi kidogo kabla jua halijarudi mahali pake. Nusu dakika kwa siku kumi ni dakika tano. Ratiba nzima ya mchana inasogezwa mbele, kuchomoza na kuzama pamoja. Chungwa langu na mshumaa havijawahi kulionyesha hili, na wala sikuwahi kuulizwa.

19 Desemba, Newgrange

Kituo cha wageni kiko ng’ambo ya kusini ya mto Boyne, karibu na Donore. Unavuka daraja la miguu, basi dogo linakupandisha, na kilima kinatokea kwenye malisho ya kijani yenye kondoo.

Nitasema ukweli: ukuta wa mbele umenikera. Ni mweupe, umesimama wima, unametameta kama mbele ya hoteli mpya ya kitalii. Mawe yake ni kwatzi ya kweli, yaliletwa na wajenzi wa kale kutoka milima ya Wicklow kusini kabisa mwa Dublin, lakini yalikutwa yameanguka chini, na walioyasimamisha ni watu wa karne ya 20, kwa msaada wa zege. Wataalamu bado wanagombana kama yalikuwa ukuta au sakafu. Mimi ningeyaacha chini.

Ukigeuza macho kutoka ukutani, kero inakwisha. Kilima kina upana wa mita 85 na kimezungushiwa mawe makubwa 97. Jiwe la mlangoni limechorwa mizunguko inayojikunja kama ganda la konokono, na mizunguko mitatu imeshikana. Kaburi lilijengwa karibu mwaka 3200 KK. Kiongozi wetu alisema ni kama miaka 600 kabla ya piramidi kubwa ya Giza, nami nikacheka peke yangu. Kwa Kiswahili mji ule una jina linalolifaa kaburi hili.

Waliojenga hawakuwa na chuma, wala gurudumu, wala maandishi. Walikuwa wakulima. Unaingia kwa ujia wa mita 19, umebanwa na mawe mabegani, na koti la shemeji limekwaruza pande zote mbili. Chumba cha ndani kina vijichumba vitatu na mabeseni ya mawe, ambamo ilikutwa mifupa ya watu, mingi imechomwa. Dari iko mita sita juu, mawe yamepangwa kila moja likichungulia ndani zaidi ya lililo chini yake hadi moja likafunika. Hakuna saruji. Waliziba mapengo kwa udongo uliochomwa na mchanga, na juu ya mawe wakachimba vijimfereji vya kupitisha maji. Miaka elfu tano dari haijavuja, Ireland, nchi ambayo tangu nifike sijaona nguo iliyokauka kambani. Udongo huo uliochomwa ndio uliopimwa kaboni ukatoa umri wa jengo.

Ajabu yenyewe iko juu ya mlango. Kuna kidirisha cha mawe. Sakafu ya ujia inapanda taratibu, hata ukifika chumbani uko sawa na kile kidirisha, si sawa na mlango. Mwanga wa mlangoni hauwezi kufika, unakufa njiani. Unaopita kwenye kidirisha, na ukitoka chini kabisa ya anga, upande wa kusini-mashariki, ndio pekee unaogusa sakafu ya chumba.

Kaburi lilifunguka mwaka 1699, mwenye shamba alipotaka mawe. Lakini aliyeuona mwanga kwa macho ya kitaalamu alikuwa Michael J. O’Kelly, profesa wa Cork, aliyelichimba kuanzia 1962. Wenyeji walikuwa wakimwambia mara kwa mara kwamba kuna siku jua huingia ndani. Alidhani wanachanganya na Stonehenge, lile duara la mawe ya kale la Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1967 akaja, akaingia peke yake gizani, akangoja. Mkanda wa mwanga ukaja.

Hapo nilitamani wenyeji wale wangekuwepo kuulizwa walijuaje. Mlango ulikuwa umefukiwa kwa karne nyingi, na kidirisha kimezibwa.

Kiongozi akazima taa. Giza la humo si la chumbani umezima swichi, halina kona. Kisha akawasha taa ndogo iliyofichwa mlangoni kuigiza jua, na uzi mwembamba wa njano ukatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyetu. Ni balbu tu. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa analia.

20 Desemba, Drogheda

Mvua tangu alfajiri. Begi liko Doha, kwa mujibu wa ujumbe.

Mzee wa nyumba ya pili, mjane, ambaye mdogo wangu humpima presha Jumapili, alikuja na keki ya zabibu kavu akakaa saa tatu. Amezaliwa kwenye bonde hili. Alipojua nimetoka mbali kulitazama jua alifurahi, kisha akatuhadithia, naye mdogo wangu akinitafsiria zile sehemu ambazo lafudhi ilinishinda.

Boann ndiye mto Boyne. Mumewe Elcmar alikuwa bwana wa Brú, ndilo jina la kale la Newgrange. Dagda, mkubwa wa miungu, akampenda Boann. Akamtuma Elcmar safari, akamfunga macho kwa uganga asione usiku unaingia, asisikie njaa wala kiu. Miezi tisa ikapita, kwa Elcmar ikawa siku moja. Katika “siku” hiyo Boann akashika mimba na kumzaa Aengus. Mtoto akakua, akaja kuitaka nyumba. Akaomba kuwa bwana wa Brú kwa usiku na mchana tu. Akapewa. Muda ulipokwisha hakutoka. Akasema: dunia nzima inaishi kwa usiku na mchana, kuna kingine?

“Wakili,” alisema shemeji.

Mimi nilibaki kwenye ile miezi tisa. Watu wa mahali hapa wana kaburi la solistasi, na hadithi ya mwenye kaburi inaanza kwa siku isiyozama jua. Jua limesimama. Hadithi hizi ziliandikwa zaidi ya miaka elfu tatu baada ya wajenzi kufa, na sitaapa kwamba uzi haukukatika. Lakini mzee alikuwa na nyingine ya kilima cha pili, Dowth, na hiyo aliitoa kwa sauti ya chini. Mfalme aliwakusanya wanaume wa Ireland wamjengee mnara kwa siku moja. Dada yake akalisimamisha jua kwa uchawi wasipoteze mchana. Kisha mfalme akamwendea dada yake huyo huyo, uchawi ukavunjika, kiza kikaanguka juu ya wote. Mahali pakaitwa Dubhadh, kuingia kwa kiza. Dowth ni jina hilo hilo.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya mtu mmoja ambaye mifupa yake ilikutwa ndani ya Newgrange. Wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu kabisa, wa tumbo moja au mzazi na mtoto. Mdogo wangu alitafuta habari hiyo kwenye simu baada ya mzee kuondoka, akanipa nisome. Tukanyamaza wote watatu, keki iko mezani.

21 Desemba, Newgrange na Dowth

Mdogo wangu ametoka zamu akaja moja kwa moja na sare ndani ya koti. Tumefika saa mbili na robo, kiza bado. Watu walikuwa mamia. Ngoma, majoho meupe, taji za majani, mbwa wenye sweta, mwanamke aliyewasha uvumba, baba amembeba mtoto aliyelala. Wengine walishikana mikono na kuomba, sijui wanamwomba nani, na sikuuliza. Wale wachache waliookotwa na watoto wa shule walipita katikati yetu kuingia ndani, wakiangalia chini kama wanaona haya.

Hapa jua la mlimani linatakiwa kutokea saa tatu kasoro dakika sita, juu ya kilima cha Red Mountain ng’ambo ya mto. Mwanga unaingia kwenye kidirisha dakika nne baadaye, saa tatu kasoro mbili, unapanuka hadi mkanda wa sentimita 17, na baada ya dakika 17 umekwisha. Hizo dakika nne ndizo ninazozipenda. Wajenzi hawakukosea. Mwinamo wa dunia siku zile ulikuwa nyuzi 24, leo ni 23.4, unapungua polepole mno, na tofauti ya miaka elfu tano imezidi kidogo tu upana wa jua lenyewe angani. Kwao mwale wa kwanza kabisa uliingia pale jua linapochomoza na kwenda hadi nyuma ya chumba. Kwetu unachelewa na haufiki mwisho.

Ngoma zikanyamaza. Saa tatu kasoro sita. Kasoro mbili. Mawingu yalikuwa ya kijivu kutoka ukingo hadi ukingo, kama blanketi la hospitali. Saa tatu na robo waliokuwa ndani wakatoka. Mmoja akatikisa kichwa. Watu wakapiga makofi hata hivyo, na ngoma zikaanza tena.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba hata hivyo solistasi si siku, ni nukta. Mwaka 2023 ilitokea 22 Desemba saa tisa na dakika 27 usiku kwa saa za huku. Mwaka 2024 ikawa 21 Desemba saa tatu na dakika 20 asubuhi. Kila mwaka inasogea karibu saa sita, maana mwaka wa jua una siku 365 na robo kasoro kidogo, na mwaka mrefu huirudisha. Nairuzi yetu ya pwani haina mwaka mrefu. Ni siku 365 kavu, zinahesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na mabaharia na wakulima walijua mwongo wa ngapi kaskazi itasimama. Ndiyo maana Mwaka Kogwa wa Makunduchi huteleza siku moja kila miaka minne. “Kaka,” alisema, “sijalala tangu jana.” Tukamrudisha nyumbani.

Saa nane akaamka mwenyewe akataka kwenda Dowth. Kilima cha Dowth hakina ukuta mweupe wala basi. Kina miti, kondoo, na shimo kubwa utosini lililoachwa na wachimbaji wa karne ya 19. Ujia wake wa kusini unatazama kusini-magharibi, kwenye jua la solistasi linalozama. Mlango una geti la chuma. Tulikuwa watu kumi na wawili, na mawingu yakaanza kuchanika upande ule ule.

Jua likatoka kama saa tisa na dakika 20. Halikuwa na joto lolote. Likapita kati ya nondo za geti likalala ndani kwenye mawe, la rangi ya chai ya rangi, na vivuli vya nondo vikatangulia mbele yake. Tuliinama kwa zamu kuchungulia. Hakuna aliyepiga ngoma. Wingu likaja, likaondoka, na mwanga ulikuwa umepanda kidogo.

“Kumbe walilipangia jua siku ya kuzuru makaburi,” mdogo wangu alisema.

Kwetu tunazuru asubuhi ya Idi, tukitoka msikitini, kanzu bado zina mistari ya pasi. Yeye amekosa Idi za miaka sita. Baba alizikwa mwaka wake wa pili huku.

“Baba anazuriwa?” akauliza.

“Kila Idi. Mimi na watoto. Tumepanda mwarobaini, umenifika kifuani.”

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama ndani ya geti hadi zamu yake ikapita na mtu nyuma yake akakohoa.

22 Desemba, Drogheda

Mbingu nyeupe pee. Mzee wa jirani amegonga dirisha saa nne kutuambia walioingia leo wamepata, mkanda mzima, dakika zote. Amefurahi kama aliyeutengeneza. Mimi saa hizo nilikuwa nafua shati langu moja.

Lakini jua la adhuhuri nililipata. Tulikuwa tumepatana na binti: kila mtu apime kwake, jua likiwa kati. Kwa bahati ya longitudo na mipaka ya saa, jua linakuwa kati Tanga na hapa kwa saa ileile ya ukutani, saa sita na dakika ishirini na kitu, ila wao wametutangulia saa tatu. Saa tatu na nusu kwa huku ujumbe wake ukaingia: “33 na nusu. Nimepima mara mbili.”

Mimi sina fimbo. Nimechukua mpini wa deki, mdogo wangu akakataa usikatwe, akafunga plasta ya kidonda kwenye alama ya mita moja. Tukausimamisha kwenye maegesho, shemeji akiushika, mimi na utepe nikirudi nyuma, nikirudi nyuma. Kivuli cha plasta kilipita gari, kikapita pipa la taka, kikafika karibu na geti la mzee. Mita 4 na sentimita 36. Mzee alitoka akasimama kando ya alama yetu ya chaki asiifute.

Hesabu tumeifanya kwenye meza ya jikoni. Ni mchezo wa Eratosthenes, yule mkuu wa maktaba ya Alexandria aliyesikia kwamba kule Syene, kusini mwa Misri, jua la solistasi ya Juni huchungulia hadi chini ya kisima, akapima kivuli kwake, akapata nyuzi 7.2, akaipima nayo dunia. Kwa binti yangu jua lilikuwa nyuzi 18.5 kutoka utosini. Kwetu 77.1. Tofauti ni 58.6. Kila nyuzi moja ya kaskazini-kusini ni kilomita 111, kwa hiyo Drogheda iko kilomita 6,500 kaskazini mwa uani kwetu. Ramani inasema nyuzi 58.8. Mpini wa fagio na mpini wa deki vimekosea kwa kilomita ishirini na kitu, hata Muheza hujafika.

Binti akapiga simu ya video kusikia jibu. Nilimwonyesha daftari, akadai kosa ni la plasta. Nikaandika kuzama kwa leo, saa kumi na dakika 7, moja zaidi ya jana. Akauliza huko ni saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja.

“Ya jioni?” akauliza. “Mbona dirishani kiza?”